Jirani Aliyekuja Kutazama Mpira

Mama mpenzi, shikamoo.

Huku Burnsville baridi inagandisha hadi machozi. Jana bibi mmoja, jirani yetu hapa kwa kaka Elia, ambaye hajawahi kutusalimu, aligonga mlango. "Televisheni yangu imekufa. Naomba nitazame kwenu." Timu ya hapa ya mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mikononi, ingeshinda ingekwenda fainali. Tukamkaribisha. Karibu na mwisho mpigaji wao wa mateke, ambaye hakuwa amekosa msimu mzima, akapiga mpira nje ya milingoti! Baadaye wakafungwa. Bibi akalia kama aliyefiwa. Kaka akamwekea chapati na maharage. "Pole, Bibi. Kula kwanza." Akala, akacheka. Leo asubuhi tumekuta ameshaondoa theluji yote kwenye gari letu.

Nimekukumbuka mno, mama. Nibusie wadogo zangu.

Mwanao,
Rehema