Punda Amekunywa Mbinguni

Mama Mwende, bibi yangu, Mbumbuni kunalalika bila kukoroma kwangu?

Huku Kitui kambi ya watalii inavuta maji ya mto kwa pampu. Sasa maji yamezama chini, dada yangu akichimba kisima mchangani mwa mto, anabaki kuonekana kitambaa cha kichwa tu. Jana nikapeleka punda wake kwa bwawa lao la kuogelea, buluu kama mbingu imeshuka kulala. Askari akasema, "Mzee, hayo ni ya wageni." Nikamjibu, "Kwetu hatunyimi mnyama maji. Na mimi pia ni mgeni." Punda akanywa polepole, macho amefunga, watalii wakimpiga picha.

Dada akauliza punda ameshibia wapi. Nikamwambia, mbinguni. Akacheka, akarudi shimoni.

Nimekukumbuka, mama. Usimwage maji ya mtungi. Nikirudi nitaoga na kikombe kimoja.

Mzee wako