Makuyu ya Shangazi

Lushoto

Mama yangu,

Shikamoo. Na baba mpe shikamoo yake, hata kama amejifanya amelala ili asisikilize barua. Magoti yako yanaendeleaje? Alizeti mmeshavuna, au bado mnagombana na ndege? Mimi ni mzima. Nalisema hilo mapema kwa sababu kaka alishakuambia nililazwa, na wewe ukisikia neno hospitali unaanza kufunga mizigo.

Ningeweza kupiga simu, lakini huko Mtinko mtandao unakatika, na wewe huwa unalia kabla sijafika mwisho. Hii kaka atakusomea polepole.

Unajua kazi yangu hapa ni kupika jamu. Tulimaliza pichi, sasa ni msimu wa forosadi, vitunda vyeusi vidogo vinavyoacha vidole na rangi ya wino. Jamu yake nimekuwa nikiilamba bila shida. Juzi uchu ukanishika, nikala mabichi, kiganja kizima. Sijamaliza hata kuosha vyombo, midomo ikaanza kuwasha, uso ukaumuka kama andazi, koo likabana. Mama, niliogopa. Nilijua nafia ugenini. Halima, mwenzangu wa jikoni, alinipakia kwenye bodaboda mpaka hospitali, wakanichoma sindano, pumzi ikarudi.

Asubuhi daktari akaniuliza, "Ulishawahi kuvimba hivi?"

"Mara moja, utotoni," nikamjibu. "Shangazi yangu alinilisha sumu."

Nilisema hivyohivyo, kama mtu anavyotaja jina la kijiji chake.

"Sumu gani?"

"Makuyu."

Akacheka, kisha akaacha aliponiona sicheki. Akanieleza kwamba nina aleji, yaani mzio. Forosadi na kuyu ni matunda ya ukoo mmoja, na fenesi ni ndugu yao, nalo amenikataza mpaka nipimwe. Hata zile chafya zangu miti ikichanua, na pichi zinazoniwasha mdomo nikizionja, anasema huenda ni mambo hayohayo. Mwili wangu unakosea. Ni kama yule mbwa wetu aliyefukuza mwizi wa kuku mwenye koti jeusi, halafu akawa anambwekea kila mwenye koti jeusi, hadi mchungaji. Jamu haikunidhuru kwa sababu moto huondoa ukali kwa baadhi ya watu, ingawa nayo ameniambia niiache.

Nikambishia. "Lakini siku ile tulikula watoto wote, nikavimba mimi tu."

Ndilo swali ulilouliza wewe pale uani, mama, na hakuna aliyekujibu. Daktari akajibu huku anaandika, "Aleji ndivyo ilivyo. Iko kwako, haiko kwenye tunda. Wala kwenye mkono wa aliyekupa."

Nilitoka pale mwepesi, nikalia njia nzima. Halima akadhani nimezidiwa tena. Nilikuwa nalia kwa furaha, mama. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikijua kuna mtu wa damu yangu aliyetaka nife, kumbe hakuna.

Sasa mfikirie shangazi. Tangu siku ile hajashika mwiko kwenye shughuli yoyote ya ukoo. Harusi ya kaka alikaa na wageni, yeye dada wa baba, akasubiri kupakuliwa. Watoto wanafundishwa kupita mbali na mlango wake. Angejitetea kwa lipi? Alichuma makuyu, akawapa watoto, basi. Wewe sikulaumu. Ulikuwa umempakata mtoto asiyeweza kufungua macho, mtu yeyote angetafuta wa kumshika.

Dawa ninazo, na nimeelezwa dalili zikianza nikimbilie wapi. Usiniwazie.

Msalimie baba. Msalimie kaka msomaji, mwambie asiruke mistari. Wifi yangu na mtoto wake nawabusu. Bibi mwambie lile blanketi aliloniagiza nimeshalipata, nitakuja nalo.

Shangazi usimtumie salamu zangu kwa mtu. Nenda mwenyewe, mchana watu wakikuona, ukae. Mweleze. Akinyamaza, nyamaza naye. Na akikukaribisha chakula, mama, nawa mikono ule.

Mimi mwanao,
Neema