Swali Langu Kuhusu Mpira wa Dallas

Garland, Jumapili, Novemba 2001

Timu ya Dallas, ya ule mpira wa Kimarekani wa kubeba mikononi, imeshindwa tena leo, na sijui kwa nini nimeanza kujali. Bwana Walter, mzee ninayemtunza, hakosi mechi hata moja. Tangu apate kiharusi mwezi wa nane hajatamka neno, na binti yake ameanza kukata tamaa. Mimi pia, nakiri.

Mchana nilikuwa namlisha supu mbele ya runinga, nikauliza tu, kwa Kiingereza changu cha Unguja, "Hawa mbona wanasimama kila baada ya hatua mbili? Wamechoka?"

Nikajijibu mwenyewe: "Labda wanapewa nafasi tatu."

"Nne," akasema.

Kijiko kikaniponyoka. Nikamwita binti yake, akaja mbio kutoka jikoni, lakini mzee alikuwa ameshanyamaza.

"Zuhura, una hakika umemsikia?"

Nikageukia runinga, nikasema kwa sauti, "Basi wakimaliza zile nafasi zao tatu..."

"Nne!" mzee akafoka.

Binti yake alikaa sakafuni akalia, huku anacheka.

Nafasi nne za kufanya nini, bado sijui. Ila mwalimu nimeshampata.