Nafula, Hukufunga Zile Picha

Nafula wangu,

Ni kukhu wako, nyanya yako. Anayeandika ni Rose, mke wa mjomba wako, kwa sababu mimi na kalamu hatujawahi kujuana. Nimemwambia asininyooshee maneno. Nikisema vibaya, aandike vibaya.

Hapa Kiminini mahindi yamefika magotini. Kitanda chako sijakitandua. Asubuhi bado nachemsha maji ya kukukanda miguu, kisha nakumbuka, namwaga. Kesho yake nachemsha tena.

Sikutaka kukuletea habari mbaya huko uliko. Lakini jina lako ndilo walichafua, na mwenye jina ni wewe.

Tulikuzika Bungoma kwa babako. Watu wa kliniki walikuja kutoka Kitale na gari yao, mkubwa wako wa kazi akashika maikrofoni, akasema ulikuwa nguzo. Hata udongo haujatulia, nikasikia sokoni ati Nafula alifunga picha za eksirei kabla ya kufa. Ati walikunyima ruhusa ya kupumzika ukiwa mgonjwa, ukaweka kinyongo, ukafunga kila kitu ukaenda na ufunguo kaburini. Shangazi yako wa Bungoma naye akaongeza chumvi: "Huyo mtoto alikuwa na moyo mgumu tangu utotoni." Moyo mgumu. Wewe, ambaye huo ugonjwa wa damu ulikuvunja mifupa kutoka ndani miaka yote, na hukunijibu vibaya hata siku moja.

Kazi yako niliijua kwa masikio tu. Ulinieleza kwamba kuna kompyuta moja ambayo haina mtu, inakaa peke yake kwa chumba, na ndani yake kuna kabati la wote. Mashine ya Kitale inaweka picha kwa hilo kabati, na daktari wa mifupa aliye kliniki yao ya Bungoma anafungua kabati hilohilo, anaona mfupa. Kabati likikataa, daktari ni kipofu. Na likikataa walikupigia wewe simu, umelala hapa, miguu imefura, mimi nakukanda. Nilikusikia unawaambia polepole, "Ni wewe peke yako au ni wote?" Halafu, "Waya umeingia vizuri?" Halafu, "Usibonyeze tu. Nisomee vile imeandika." Mimi nilitaka kuitupa hiyo simu chooni. Ukacheka. Ukasema, "Kukhu, si ni wewe ulinifundisha? Nikilia ulikuwa unauliza kwanza kama ni goti moja au yote mawili."

Ee, Nafula.

Basi nilivaa viatu nikaenda Kitale. Rose alisema nipige simu. Simu ni ya watu wanaoogopa kuonekana.

Nilikaa kwa benchi na wagonjwa. Kando yangu alikuwa mama mmoja kutoka Suam, amempakata kijana wake ambaye mkono ulikuwa umepinda mahali mkono haupindi. Kijana alikuwa amepigwa picha tangu asubuhi, na picha imekwama. Walikuwa wanaipiga picha tena na simu, wanamtumia daktari wa Bungoma, na yeye anarudisha jibu kwamba haoni kitu, ni ukungu mtupu.

Mkubwa wako alipopita nikasimama. Nikamwambia mimi ndiye nyanya ya huyo mnasema ameiba picha, nionyeshe alichofunga. Akasema, "Mama, tuongelee ndani." Nikamwambia mlimchafua nje, tuongelee nje.

Kulikuwa na fundi wamemleta kutoka Eldoret, mwanaume mnene anayehema hata akiwa amekaa. Hakukujua, kwa hivyo hakuwa na sababu ya kukupenda wala kukuchukia. Alikuwa amekagua waya, ziko sawa. Kompyuta ya Kitale inaiona ile isiyo na mtu. Kabati liko, picha za zamani zote ziko ndani. Lakini mashine ya picha ikibisha hodi inaulizwa jina, na ikitoa jina inafukuzwa. Akawauliza, "Tangu mazishi, mmebadilisha nini?"

Violet wa mapokezi akaanza kulia. Alisema walipotoka kukuzika, kila asubuhi wakiwasha kompyuta wanaliona jina lako. Nafula, Nafula. Wakaogopa. Wakaona si vizuri jina la mtu aliyezikwa liendelee kuwaka katikati ya walio hai, wakaliondoa. Walifanya kwa heshima, Nafula. Nimejaribu kumchukia Violet, nimeshindwa.

Fundi akafuta jasho. Akasema ile mashine ya picha ilikuwa inaingia kwa kabati na jina lako. Ulikuwa umeiazima. Walipokuondoa, mlango ukafungwa. "Hakuna mtu alifunga. Nyinyi wenyewe ndio mmefunga."

Hapo nilitaka kupiga kigelegele. Lakini akaendelea. Akasema hukupaswa kuipa mashine jina lako, ungeipa lake. Hapo ulikosea, Nafula, na nakwambia kwa sababu ni wewe. Najua ulisema ni kwa muda tu, utarudi kupanga vizuri ukipata nguvu. Nguvu haikurudi.

Mkubwa akasema njia ya haraka ni kurudisha jina. Violet akaficha mikono kwapani, akakataa kabisa. Wote wakaniangalia mimi. Unajua kwetu, aliyelala hatumwi. Hata maji haombwi. Nikamwangalia kijana wa Suam. Alikuwa ameacha kulia, na mtoto wa mkono uliovunjika akiacha kulia hiyo si dalili njema.

Nikasema, "Mrudisheni. Kazi hii moja tu, kisha mwacheni."

Fundi akaandika. Mimi sijui kusoma lakini jina lako nalijua umbo, ulinichorea hapa chini kwa majivu. Nikaliona likitokea. Picha ikaenda.

Daktari wa Bungoma akapiga simu kabla sijakaa. Mfupa umevunjika mahali pawili na mshipa umebanwa, wamkimbize upasuaji, pengine mkono utapona, pengine hautapona. Yule mama akakaa sakafuni. Nilikaa naye. Nilimshika mgongo.

Baadaye fundi aliipa mashine jina lake yenyewe, akaijaribu, ikaingia. Kisha akaniita nione akikuondoa. Nafula, nilikaza macho nisiyafumbe. Bungoma nilikuwa na watu wa kunishika. Hapo nilikuwa peke yangu.

Mkubwa akakusanya wafanyakazi, akawaambia, "Ilikuwa hitilafu ya mitambo." Nikangoja aongeze. Nikangoja aseme tulimkosea marehemu. Hakuongeza. Alinipa soda, nikaiacha kwa meza yake.

Sasa watu wa Kitale wananyamaza, lakini Bungoma bado wanasema, na shangazi yako ndiye mwenye ngoma. Hiyo ndiyo habari yote.

Jumapili naenda huko. Matangazo ya kanisa yakiisha nitasimama, na pasta asiponipa nafasi nitasimama vilevile. Nitasema mtoto wa mwanangu hakufunga kitu. Nitalitaja na kosa lako pia, la kuazima jina, ili wajue sikuja kupaka mtu mafuta. Shangazi yako hukaa kiti cha mbele. Ni vizuri, sitahitaji kupaza sauti.

Kisha nitakuja hapo ulipo ning'oe magugu. Sitakuambia walijibu nini. Hiyo si shida ya mtoto aliyelala, ni yangu, na miguu ninayo.

Kwaheri, mama. Lala.

Kukhu wako