Nimeelea Baharini Tanga

Dada Veronika, shikamoo. Natumaini hapo Kipalapala mmeamka salama.

Tangu nistaafu na kuhamia huku Tanga, bahari nilikuwa naitazama tu kutoka barazani kwa woga. Leo asubuhi jirani yangu, Bi Zuhura, amenishika mkono tukaingia majini hadi kifuani. Nikajilaza chali, naye akanikinga mgongo.

"Legeza shingo," akaniambia. "Maji yatakubeba."

Nikafumba macho. Nilipofumbua, alikuwa amesimama mbali, mikono kiunoni, anacheka. Nami naelea.

Najua wanangu wamekutuma unibembeleze nirudi Tabora nikatunzwe. Waambie sirudi. Kesho naingia tena.

Nitumie michembe ya viazi ya kunywea chai. Magoti yako yakipata nafuu, panda treni uje tukae wote.

Mdogo wako akupendaye,
Anastazia