Kamongo Aliyekufa Maji

Mjukuu wangu Atieno,

Hapa Nateete tunaendelea, ila mama yako ana kikohozi na mvua imeharibu njia ya sokoni.

Barua yako nimeisoma mara tatu na bado imenichanganya. Unasema samaki wa jangwani mnaowachunguza huko chuoni, maji yakipata moto, huacha kutumia hewa hata saa mbili nzima, na hewa ipo. Unauliza kama nimewahi kuona samaki wa ajabu namna hiyo.

Nilimwona mmoja. Nilipoanza kuuza samaki hapa, nilinunua kamongo, yule samaki mrefu wa matopeni, akiwa hai. Nikamwonea huruma, nikajaza pipa maji mpaka juu, nikamtia humo, nikalifunika kabisa. Kesho yake nikamkuta amekufa. Mama Nakato, jirani yangu wa meza, akachungulia.

"Umemuua kwa maji, nyabo. Huyu lazima aje juu kuvuta pumzi."

Mpaka leo sielewi. Wangu alikosa hewa akafa. Wenu wanayo na hawaitumii. Na wewe unaponyamaza wiki nzima, sijui wewe ni samaki yupi.

Ndiyo maana nakuandikia, sikupigii simu kila siku. Sijakusahau. Naogopa kujaza pipa.

Nyanya yako