Kahawa ya Shamba la Juu

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zangu nyingi. Mimi mzima, na mafua yameshaniacha, namshukuru Mungu, maana kwa mwonja kahawa pua ndiyo jembe. Wifi na watoto hawajambo? Huko juu bado mnalala na blanketi mbili mbili?

Nimelipata ombi lako kwamba tubadilishane mashamba aliyotuachia marehemu baba: mimi nichukue la juu kwenye ukungu, wewe ushuke kwenye langu la joto. Unasema kahawa yako inachelewa kuiva hadi majirani wanakutania kuwa umepanda maua. Kabla sijakujibu, udadisi ulinishika. Nilichukua mbegu kidogo za kila shamba kutoka zile ulizoniletea, nikazikaanga kwa moto mmoja, nikabandika alama chini ya vikombe. Mwenzangu wa kazini akavichanganya, hata mimi nisijue kipi ni cha nani. Ndipo nikamwita Mama Kijiko, mkuu wetu wa uonjaji.

Tulionja kwa kufyonza kwa kelele, namna ambayo mama angetufukuza mezani. Kikombe cha kwanza kilikuwa na ladha ya karanga, kitamu tu, hakina ugomvi na mtu. Cha pili nilikirudia mara mbili. Nilipata ladha ya ganda la chungwa, halafu asali, na utamu ukabaki ulimini hata baada ya kumeza. Mama Kijiko akasema aliyeilima hii anaishi na baridi, na kwamba wanunuzi wataigombania. Nikamuuliza amejuaje. Akanieleza kuwa penye joto tunda huiva mbio mbio, lakini penye baridi huiva taratibu, likapata muda wa kujijaza sukari. Kumbe kule kuchelewa unakokulalamikia ndiko kunakoleta ladha.

Sasa nikwambie ukweli, ingawa unaniumbua. Hata baada ya kusikia habari ya baridi, nilikigeuza kile kikombe nikiomba kimoyomoyo alama iwe yangu. Ilikuwa yako. Wivu ulinifika kabla ya furaha, tena ukakaa kitako. Nikawaza, si ameomba mwenyewe? Nikubali tu, nani atajua?

Kwa hiyo nakujibu upesi, aibu ingali imenishika: sibadilishani. Using'oe mbuni hata mmoja. Na tafadhali, mdogo wangu, usiniombe mara ya pili, maana nitakubali.

Nisalimie wote nyumbani, na majirani waache waendelee kucheka.

Ni mimi dada yako,
mwenye kahawa ya karanga.